Leipzig 1989: jioni ambayo amri haikufika

Kila Novemba picha ni zile zile: vijana wamepanda juu ya Ukuta wa Berlin, nyundo mkononi, watu wanakumbatiana na wasiowajua. Zinapendeza, sizikatai. Lakini mtu akiniuliza serikali ya Ujerumani Mashariki iliangushwa lini, simtajii 9 Novemba 1989. Namtajia Jumatatu ya 9 Oktoba, mwezi mmoja kabla, katika mji wa Leipzig. Jioni ile watu wapatao 70,000 waliuzunguka mji wao kwa miguu, wakarudi makwao, na hakuna risasi hata moja iliyolia. Ukuta ulipokuja kufunguka, waliokuwa wakiulinda walikuwa wameshakata tamaa.

Sisi watu wa Unguja nchi ile tunaijua kwa njia yetu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua mapema, wakati serikali nyingi nje ya kambi ya kikomunisti zilikuwa zikiogopa kuiudhi Bonn, yaani Ujerumani Magharibi. Wao wakatulipa kwa walimu, madaktari, wahandisi na saruji. Majengo ya Kikwajuni ni kazi yao, na mkono wao umo katika mipango ya Michenzani. Ila hawakuja na saruji tu. Markus Wolf, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wao wa nje, alifika Unguja mwenyewe mwaka 1964 kusaidia kuunda idara ya usalama. Wazee waliopitia enzi za Mzee Karume wanajua habari ya kushusha sauti mtu fulani anapokatiza kibarazani. Ndiyo maana nikisoma habari za mashushushu wa Leipzig sioni kama nasoma habari za watu wa mbali.

Tena ami yangu alikuwepo. Alipelekwa Leipzig Septemba 1989 kusoma Kijerumani katika Herder-Institut, mahali walipoanzia wanafunzi wa kigeni kabla ya kusambazwa vyuoni. Ukimuuliza aliona nini 9 Oktoba, anacheka. "Niliona dari la bweni, mwanangu. Lilikuwa na ufa." Mwalimu wao aliwaambia mchana kwamba masomo yakiisha kila mtu ashike njia ya bwenini, asipite katikati ya mji. Hakusema kwa nini, nao hawakuuliza. Mambo mengi ya siku ile ami aliyajua baadaye kama nilivyoyajua mimi, kwa kusoma na kuuliza, na hata leo hatuafikiani juu ya maana yake.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 7 Mei 1989 kulikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa. Sheria ya nchi ilimruhusu raia kushuhudia kura zikihesabiwa, na kwa miaka mingi karibu hakuna aliyejisumbua, maana matokeo yalijulikana kabla. Safari hii vijana wa vikundi vya makanisani walikwenda vituoni na kalamu na karatasi. Walihesabu kura za hapana, wakajumlisha. Usiku Egon Krenz, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, akatangaza kwamba orodha ya chama imepata asilimia 98.85. Hesabu za vijana hazikukubali hata kidogo. Serikali iliyoweza kushinda kwa raha zake kwa asilimia 85 ilitaka 98.85, na kwa tamaa hiyo ikawapa wapinzani wake kitu cha kushika mkononi. Wasomaji wangu wa Afrika Mashariki sina haja ya kuwafafanulia.

Kisha Hungaria ikafungua mpaka wake na Austria usiku wa kuamkia 11 Septemba, na makumi ya maelfu ya Wajerumani Mashariki wakapitia huko kwenda Magharibi. Walioondoka walikuwa vijana, wauguzi, madereva, mafundi. Leipzig kukawa na makundi mawili: waliopiga kelele kwamba wanataka kutoka, na waliojibu kwamba wao wanabaki hapa hapa. Ukitazama upesi, kundi la kwanza ndilo lililoikomoa serikali. Mimi naona la pili ndilo lililoitisha. Anayetaka kuondoka unaweza kumpa pasi ukamaliza naye. Anayesema habanduki atataka kujua nani anaendesha mji wake.

Mahali pao pa kukutania palikuwa kanisa la Nikolai. Tangu mwaka 1982 kulikuwa na maombi ya amani pale kila Jumatatu saa kumi na moja jioni, na ziko Jumatatu waliokuja walikuwa watu wa kuhesabika kwa vidole. Mchungaji Christian Führer hakuyafuta. Mlangoni palikuwa na kibao kilichosema kanisa liko wazi kwa wote, naye alimaanisha wote: Wakristo, wasioamini, wanaotaka kuhama, wenye nywele za kusimamisha. Katika nchi ambayo mkusanyiko wowote ulihitaji kibali, paa la kanisa lilikuwa karibu mahali pekee pa kukaa watu mia wakasema la moyoni.

Tarehe 4 Septemba, wakati wa maonyesho ya biashara, mji ulikuwa umejaa waandishi kutoka Magharibi. Wanaharakati wakafungua kitambaa mbele ya kanisa kudai nchi iliyo wazi yenye watu huru. Mashushushu wakakirarua mbele ya kamera, na usiku ule ule nchi nzima ikaona, kwa sababu karibu kila nyumba ilikamata televisheni ya Magharibi kwa siri isiyokuwa siri. Jumatatu ya 25 Septemba wakaandamana maelfu. Ya 2 Oktoba wakafika kama 20,000, wakakutana na virungu na mbwa.

Halafu ikaja 7 Oktoba, sherehe za miaka 40 ya taifa, Gorbachev, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, mgeni rasmi, na jioni yake polisi wakawapiga vijana katika mitaa ya Berlin. Kila mtu alikuwa na Beijing kichwani, ambako jeshi lilikuwa limewapiga risasi waandamanaji. Mwezi Juni bunge la Ujerumani Mashariki lilikuwa limeunga mkono hatua ya China dhidi ya wanafunzi, na mwishoni mwa Septemba Krenz alisafiri kwenda China kwa sherehe zao. Na tarehe 6 Oktoba gazeti la chama, Leipziger Volkszeitung, lilichapisha barua ya kamanda wa mgambo wa viwandani akisema wako tayari kuwakomesha wapinga mapinduzi, ikibidi kwa silaha mkononi. Mgambo hao ni mafundi na makarani waliovaa sare baada ya kazi. Wengine wake zao walikuwa wameshaamua kwenda Nikolai Jumatatu.

Asubuhi ya Jumatatu yenyewe uvumi ulienea kwamba hospitali zimeongezewa damu na vitanda. Wazazi waliambiwa wakachukue watoto mapema katika shule za chekechea za katikati ya mji. Askari, polisi na mgambo kama 8,000 walipangwa mitaani na katika nyua za nyuma. Na chama kikafanya jambo ambalo mimi kila nikilifikiria nacheka: kilituma makada wake kwa mamia kwenda kukaa kanisani tangu mchana, wajaze mabenchi ili waumini wakose nafasi.

Führer aliwakaribisha. Aliwaambia waziwazi kwamba anajua wao ni nani, na kwamba roshani za juu amezifunga kwa muda ili na wengine wanaotoka kazini wapate pa kukaa. Watu waliofundishwa maisha yao yote kwamba kanisa ni mabaki ya zamani wakakaa saa nyingi wakingoja, kisha wakasikiliza Injili: heri wapatanishi, wapendeni adui zenu. Walitarajia kuwakuta wahuni na maadui wa taifa. Wakakuta majirani zao wameinamisha vichwa. Sisemi waliokoka. Nasema tu kwamba chama kiliwatoa makada wake ofisini kikawapeleka kwenda kuona kwa macho yao kwamba taarifa za chama ni za uongo.

Usiku uliotangulia, katika parokia ya Lukas, Mchungaji Christoph Wonneberger na vikundi vya haki za binadamu na mazingira walikuwa wakizungusha mashine ya kudurufu, wino hadi viwikoni. Karatasi waliyoitoa kwa maelfu ndiyo ningependa kila mpanga maandamano aisome. Haina mashairi. Ni maagizo. Jizuieni na kila aina ya vurugu. Msivunje safu za polisi, kaeni mbali na vizuizi. Msishambulie watu wala magari. Msichukue nguo wala zana za askari. Msirushe kitu, msitoe kauli za kuchochea. Mkiona mchokozi, mzimeni. Hilo la nguo na zana ndilo linalonionyesha kwamba walioandika walikuwa wamekaa wakafikiri: kofia moja ya polisi ikipokonywa, kesho yake gazetini itakuwa shambulio la silaha. Na karatasi hiyo hiyo iliwageukia askari pia, ikiwaambia kwamba sisi sote ni watu wamoja na kwamba damu ikimwagika kati yetu kidonda hakitafunga.

Kitu cha pili kilitokea nyumbani kwa Kurt Masur, kiongozi wa okestra ya Gewandhaus, mtu ambaye serikali yenyewe ilijivunia. Mchana walikutana sita: Masur, mwanatheolojia Peter Zimmermann, mchekeshaji wa jukwaani Bernd-Lutz Lange, na makatibu watatu wa chama wa mkoa, Kurt Meyer, Jochen Pommert na Roland Wötzel. Waliandika waraka mfupi wa kuomba utulivu na kuahidi mazungumzo ya wazi juu ya hali ya nchi. Ukasomwa makanisani, na sauti ya Masur ikausoma katika vipaza sauti vya mji. Watu humkumbuka Masur, na ni haki yake. Mimi nawatazama zaidi wale makatibu watatu. Walitia saini bila ruhusa ya Berlin. Katika chama ambacho hata rangi ya pazia ilingoja kauli ya juu, watu watatu wa mkoani waliweka majina yao karibu na jina la mchekeshaji.

Kufikia saa kumi na mbili jioni maombi yalikuwa yakimalizika katika makanisa manne, na nje uwanja wa Karl-Marx-Platz haukuwa na pa kukanyaga. Umati ulianza kusogea wenyewe kuelekea stesheni kuu, ukashika barabara ya mzunguko. "Hakuna vurugu!" walipaza sauti. "Sisi ndio wananchi!" Wengi walibeba mishumaa. Führer alipenda kueleza kwamba mshumaa unataka mikono miwili, mmoja kuushika na mwingine kuukinga upepo usizime, na mwenye mikono miwili kazini hana wa kuokotea jiwe.

Sasa njoo upande wa pili. Katibu wa kwanza wa chama wa mkoa alikuwa mgonjwa, na aliyekaimu ni Helmut Hackenberg. Mkuu wa polisi wa mkoa, Jenerali Straßenburg, alikuwa na vikosi vyake tayari. Mpango ulikuwa kuwatawanya waandamanaji kabla ya kufika stesheni. Lakini mpango ulipigiwa hesabu ya watu wachache kuliko hawa. Hackenberg akampigia simu Krenz, Berlin, aliyesimamia usalama katika uongozi wa chama: wako wengi mno, tufanye nini? Krenz akajibu kwamba atashauriana kisha atapiga.

Hackenberg akangoja. Umati haukungoja. Kama saa kumi na mbili na nusu vikosi vikapewa amri ya kurudi nyuma na kujilinda tu, visianze wao. Waandamanaji wakaipita stesheni, wakaupita mlango wa jengo la mashushushu lenye kona ya mviringo, wakiwa na mishumaa yao, hakuna aliyetupa hata kokoto. Krenz alipopiga, kama saa moja na robo usiku, hakukuwa na la kuamua. Watu walikuwa njiani kwenda kula chakula cha usiku.

Hapa ndipo ninapotaka kusema langu. Tunapozungumzia maandamano ya amani huku kwetu, neno amani tunamtwisha mwandamanaji peke yake, kana kwamba mwenye bunduki ni mvua, hana hiari. Leipzig yule mwenye bunduki alikuwa mtu mwenye jina na simu mezani. Umati ule ulikuwa mtulivu na mwenye nidhamu, lakini sidhani utulivu wake uliwalainisha mioyo. Uliwanyang'anya kisingizio. Aliyetaka kupiga risasi ilimlazimu atoe amri kwa kinywa chake, asubuhi aitie saini, na asiwe na hata kioo kilichovunjika cha kuonyesha. Hackenberg hakutaka kuwa mtu huyo. Krenz naye, ukipima zile dakika alizochelewa, hakutaka. Kila mmoja alimngoja mwenzake.

Na walikuwa wanatazamwa, ingawa hawakujua. Siegbert Schefke na Aram Radomski walikuwa juu ya mnara wa Kanisa la Reformed, wamelala kifudifudi kwenye mavi ya njiwa na kamera ya video. Schefke alikuwa ametoroka walinzi wake Berlin kwa kupitia juu ya paa. Mkanda ulivushwa kwenda Berlin Magharibi na mwandishi wa Der Spiegel, Ulrich Schwarz, na usiku wa 10 Oktoba ukarushwa hewani kwa maelezo ya uongo kwamba umepigwa na timu ya Waitaliano, ili wenyewe wasikamatwe. Ukweli ni kwamba televisheni yenyewe isingeweza kutuma timu, maana waandishi wa kigeni walikuwa wamezuiwa kuingia Leipzig.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Jumatatu iliyofuata walipita laki moja, na ami alikuwa pembeni ya njia na mwenzake wa bweni, mikono mifukoni, tayari kukimbia. Tarehe 18 Oktoba Honecker, kiongozi wa chama na nchi, aliondolewa, akashika Krenz. Novemba Ukuta. Tarehe 4 Desemba wananchi wa Leipzig wakaingia katika lile jengo la kona kuwazuia mashushushu wasimalize kuchana mafaili.

Ami hakubali maelezo yangu. Kwake yeye jibu ni moja: Gorbachev. "Vifaru vya Mrusi vilikuwa kambini, mwanangu. Mwaka 1953 vilitoka." Ana hoja. Tarehe 17 Juni 1953 wafanyakazi waligoma na kuandamana nchi nzima, vifaru vya Kisovieti vikaingia mitaani, watu wakafa, serikali ikaendelea miaka 36 mingine. Leipzig 1989 bila Moscow kujitoa ningekuwa na habari nyingine ya kusimulia. Lakini Beijing hawakuhitaji Mrusi, na Honecker alikuwa na askari wake wa kutosha. Moscow ilisema tu kwamba haitamsaidia. Aliyeamua kutofyatua ni Mjerumani.

Na kwamba mwandamanaji mtulivu hana dhamana yoyote, Wakenya waliliona miezi michache baadaye. Siku ya mwaka mpya wa 1990, Mchungaji Timothy Njoya alisimama mimbarini Nairobi akahubiri kwamba yaliyozikuta serikali za chama kimoja za Ulaya Mashariki yatazikuta na za Afrika. Wakati huo ilikuwa kama kujiombea kifungo. Kenneth Matiba na Charles Rubia wakataka mkutano wa hadhara Kamukunji, wakawekwa kizuizini kabla, na siku ya Saba Saba, 7 Julai 1990, amri Nairobi ilifika. Watu walipigwa risasi. Kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya KANU chama pekee, kilifutwa Desemba 1991, lakini Moi alibaki Ikulu hadi 2002.

Kwetu Tanzania ilikuja kwa mlango mwingine. Mapema 1990 Mwalimu Nyerere, akiwa bado mwenyekiti wa CCM, alianza kusema hadharani kwamba kujadili vyama vingi si dhambi na kwamba yaliyotokea Ulaya Mashariki yana la kutufunza. Tume ya Jaji Nyalali ikakuta wengi, kama asilimia 80, wanataka chama kimoja kiendelee, ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na 1992 sheria ikabadilika. Hatukuandamana, tukapewa. Ukipewa na mwenye nyumba, mwenye nyumba anabaki yule yule, na hilo nalisema bila kejeli, maana waliouawa kwetu kwa kudai vyama vingi hadi hapo hawakuwepo.

Wenye mishumaa wenyewe walipata nini? Wonneberger alipatwa na kiharusi tarehe 30 Oktoba 1989, akapoteza uwezo wa kusema, na mapinduzi aliyoyadurufu akayatazama akiwa hana sauti. Katika uchaguzi huru wa 18 Machi 1990, muungano wa vikundi vilivyobeba maandamano, Bündnis 90, ulipata asilimia 2.9. Wananchi walichagua chama cha Kansela Helmut Kohl na washirika wake, kwa sababu walitaka sarafu ya Magharibi na walitaka haraka. Wako wanaoliita jambo hilo usaliti. Mimi silioni hivyo. Walidai kura zihesabiwe kwa haki, zikahesabiwa. Kisha viwanda vikafungwa, mamilioni wakakosa kazi, na Führer akafungua kanisa tena kwa wasio na ajira.

Hata ile kauli yao ya "Sisi ndio wananchi" haikubaki mikononi mwao. Januari 2015 waandamanaji wa kupinga wageni na Waislamu waliipaza Leipzig, tena siku ya Jumatatu. Nilimtumia ami habari hiyo kwa WhatsApp. Alijibu kwa swali moja, waliotoka kuwapinga walikuwa wangapi? Nikamwandikia: wao hawakufika 5,000, na waliotoka kuwapinga walikuwa kama 30,000.